Jina Fupi la Mvulana: Liite Kabla ya Kuliandika

Wazazi wengi wanaosubiri mtoto wa kiume siku hizi wanataka jina fupi, la silabi mbili au tatu, lenye irabu tele, lisilomkwama mtu kooni. Ni matakwa mazuri, na kwa msemaji wa Kiswahili si magumu kuyatimiza, kwa sababu lugha yenyewe imeshafanya nusu ya kazi. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Majina yaliyokuja kutoka Uarabuni yakiishia kwa konsonanti tuliyaongezea irabu: Said akawa Saidi, Salim akawa Salimu, Rashid akawa Rashidi. Yaliyokuja na wamisionari yalipita njia hiyohiyo: Paul akawa Paulo, Mark akawa Marko, Amos akawa Amosi. Anayetafuta irabu hana haja ya kuzunguka dunia. Kazi inayobaki ni kuchagua, na hapo ndipo naona wazazi wengi wanapotea njia, kwa sababu wanachagua kwa macho. Wanasoma orodha, wanapenda jinsi jina linavyokaa kwenye karatasi, kisha wanaliandikisha kabla mtu yeyote nyumbani hajalitamka kwa sauti.

Jina la mtoto wa kiume kwetu lina kazi mbili ambazo jicho haliwezi kuzipima. Ni la kuitwa, tangu chumbani kwa mzazi hadi uwanja wa mpira, darasani, sokoni, na baadaye kwenye vipaza sauti vya hospitali na stendi ya mabasi. Na ni la kurithiwa: litasimama nyuma ya majina ya watoto wake, kisha nyuma zaidi, kwenye majina ya wajukuu. Ushauri wangu wote hapa unatokana na mambo hayo mawili. Jina lichaguliwe kwa sauti. Liite kwanza, mara nyingi, mahali pengi, na watu wengine waliite. Likiwakubali wote ndipo uliandike.

Anza na umbali. Mmoja asimame kizingitini, mwingine aende mwisho wa mtaa, na jina liitwe kwa sauti ileile ya magharibi ya kumwita mtoto arudi aoge. Mtaona jambo ambalo akina mama wa uswahilini wanalijua bila kufundishwa: konsonanti haziendi mbali. Zinazofika ni irabu. Ukimwita Juma naye yuko upande wa pili wa uwanja, kinachomfikia ni u ikifuatwa na a iliyovutwa. J na m zimeishia njiani. Na irabu zenyewe hazilingani nguvu. A inashinda zote, kwa sababu kinywa kimefunguka wazi na pumzi inatoka bila kizuizi. I na u zinatoka kwenye kinywa kilichobanwa, kwa hiyo zinafika zikiwa nyembamba. Ndiyo maana Isa, Musa, Luka, Yona, Mika na Baraka yanaitika hata katikati ya kelele za bodaboda. Jina lisiloishia kwa a si baya kwa kuitwa, ila ni vizuri liwe na a pengine ndani yake, hasa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ambako mkazo wa Kiswahili hukaa. Ali lina a hapo. Amani lina a hapo. Haji na Faki vilevile. Idi halina, na anayeliita kwa mbali hujikuta analazimika kukaza sauti.

Wenye watoto zaidi ya mmoja wana jambo la kuongeza hapo. Kwa kuwa irabu ndizo zinazofika, ndugu wawili wenye irabu zilezile kwa mpangilio uleule wataitika wote kila mmoja anapoitwa. Juma na Musa kwenye karatasi ni majina mawili tofauti kabisa. Kutoka mbali yote ni u na a. Isa na Mika yote ni i na a. Ali na Haji yote ni a na i. Nimeona nyumba ambazo mama amechoka kutofautisha, mwisho kila mtoto akapewa jina la utani, na majina mazuri yaliyochaguliwa kwa moyo yakabaki kwenye vyeti tu. Kama mkubwa ni Juma, mdogo aitwe Idi, Ali au Yona. Kama mkubwa ni Isa, Omari na Amani yatakaa naye vizuri. Hesabu irabu za waliokwisha kuzaliwa kabla hujampenda mgeni anayekuja.

Baada ya umbali, pima kinywa cha mtoto mwenyewe. Sauti za mwanzo za mtoto ni konsonanti moja na irabu moja, ba, ma, da, zikirudiwarudiwa. Angalia majina tunayowaitia watu wa karibu zaidi: baba, mama, dada, kaka, babu, bibi. Yote yamejengwa hivyo, na mtoto huyaweza mapema. Jina la mvulana lililojengwa kwa mtindo huo, kama Musa, Juma, Doto, Yona au Mika, atalitamka yeye mwenyewe mapema kuliko Dhahiri, Ghalibu au Khatibu. R, dh, th, gh na kh huchelewa; wako watoto wanaoanza shule hawajazipata zote. Sisemi majina hayo yaachwe. Nasema kwamba mtoto anayeweza kujibu mwenyewe anapoulizwa “unaitwa nani?” ana furaha ya pekee, na mzazi anaweza kumpa furaha hiyo kwa kuchagua tu.

Kuna pia vinywa vya wazee. Jina litaitwa na bibi kila siku, na bibi ana lugha yake ya kuzaliwa. Familia ambazo lugha yao haitofautishi l na r zitamfanya Omari kuwa Omali na Ali kuwa Ari, bila nia mbaya yoyote. Bara, na hasa Kongo Mashariki, h ya mwanzo hudondoka: Kindu na Kasongo mtu anaitwa Amisi wakati jamaa yake wa Tanga anaitwa Hamisi, na Ramadhani huko ni Ramazani. Kama upande mmoja wa familia uko Ujiji na mwingine Maniema, jina lisilo na h, r, l wala dh litawapunguzia wote kazi. Isa, Musa, Juma, Idi, Amani, Imani, Yona na Mika yanatamkika sawa Lamu, Mwanza, Bujumbura na Bukavu. Kabla ya kukata shauri, mpe bibi wa upande wa mama na babu wa upande wa baba walitamke, na usiwasahihishe. Hivyo wanavyolitamka ndivyo litakavyoitwa.

Sasa urithi, na hapa nataka wazazi watulie, maana ndipo jina la mvulana linapotofautiana na la dada yake. Kwa utaratibu wetu wa majina matatu, mtoto hubeba lake, la baba, na la babu au la ukoo. Jina la mvulana halibaki mahali mlipoliweka. Leo liko mwanzo; kwa watoto wake litakuwa katikati; kwa wajukuu linaweza kuwa mwisho. Mfano ulio wazi ni Zanzibar. Rais wa kwanza alikuwa Abeid Amani Karume. Mwanawe, aliyekuwa rais kuanzia 2000 hadi 2010, ni Amani Abeid Karume. Amani liliondoka mwanzo, likaenda katikati, likarudi mwanzo, na kila mahali limekaa bila kubanwa, kwa sababu ni fupi na irabu zake ziko wazi. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Rais wa Tanzania kuanzia 1985 hadi 1995. Mwanawe, Rais wa Zanzibar tangu 2020, ni Hussein Ali Mwinyi. Tamka majina hayo mawili mfululizo uone Ali lilivyokaa katikati bila kumlemea Hussein wala kumsukuma Mwinyi. Jina fupi lenye irabu lina sifa hiyo: linaachia majirani zake nafasi.

Kwa hiyo litamke na majina ya baadaye. Chukua jina unalolipenda, ulitangulizie jina la kike na la kiume: Neema Idi, Rehema Juma, Yusufu Isa. Halafu liwekee vyeo ambavyo mtoto wa kiume hukua akivipata: Mwalimu Isa, Daktari Juma, Mzee Ali. Jina linalopendeza kwa mtoto mchanga peke yake, lililojaa sauti za kubembeleza, linaweza kumfaa hadi darasa la pili tu. Jina zuri la mvulana linamstahili mtu wa miaka sabini akiongoza kikao cha ukoo.

Na kama ni mtoto wa kwanza, wazazi, jueni kwamba mnachagua pia jina lenu. Siku mtoto atakapozaliwa, majirani wataacha kukuita kwa jina lako. Utakuwa Mama fulani na mwenzio Baba fulani, pengine kwa maisha yote. Jaribuni: Mama Juma, Baba Juma. Mama Isa, Baba Isa. Halafu jaribuni Mama Amani na Mama Ali, msikilize kinachotokea. A ya mwisho ya mama inakutana na a ya mwanzo ya mtoto, na kwa usemi wa haraka majina yanagandana: Mamamani, Mamali. Wengine hawajali, na yako majina mazuri mno yanayostahili kuvumiliwa hivyo. Lakini mjue mapema.

Mgandano huo ndio hatari kubwa ya majina yenye irabu nyingi, na unastahili uangalifu zaidi kati ya jina la mtoto na la baba. Jina la mtoto likiishia kwa irabu ileile inayoanza jina la baba, silabi moja humezwa. Isa Ali husikika Isali. Musa Abdi husikika Musabdi. Idi Isaya linakuwa neno moja. Karani anayeandika kwa kusikia ataandika alichosikia. Kanuni ninayoishauri ni rahisi: kama jina la baba linaanza kwa konsonanti, kama Hassani, Juma, Petro au Mwita, mtoto aishie kwa irabu yoyote mnayoipenda. Kama jina la baba linaanza kwa irabu, chagueni la mtoto linaloishia kwa irabu tofauti nayo. Heri Ali linasikika. Idi Omari linasikika. Doto Abdi linasikika. Urefu nao upishane. Baba mwenye jina refu, Ramadhani au Emanueli, anapendeza akitanguliwa na jina la silabi mbili. Baba mwenye jina fupi sana, Ali au Isa, anaweza kumpa mtoto jina la silabi tatu, ili majina mawili yasimalizike kabla msikilizaji hajageuka.

Angalieni pia historia ya majina yakikaa pamoja. Idi ni jina jema, la mtoto aliyezaliwa sikukuu. Amini ni jina jema. Baba anayeitwa Amini akimwita mwanawe Idi, atakuwa amempa mtoto jina la mtu aliyeitawala Uganda tangu 1971 hadi 1979 na ambaye jeshi lake lilivamia Kagera mwaka 1978. Mtoto hana kosa, lakini ataulizwa hilo kila anapojitambulisha.

Ufupi una gharama nyingine ambayo wapenzi wa majina ya kigeni hawaioni mpaka mtoto aanze shule. Kiswahili kimejaa maneno mafupi ya irabu, kwa hiyo jina la herufi tatu au nne kutoka ng’ambo lina uwezekano mkubwa wa kugongana na neno letu. Iba, oza, uza, aga, eda, ila: yote ni matamu kwa sikio la mgeni, na yote yana maana ambazo hutaki zimfuate mtoto. Leo ni jina linalopendwa sana Ulaya. Kwetu mwalimu atauliza kama Leo amekuja leo, na darasa zima litacheka. Noa ni kitendo linachofanyiwa panga, na Noah, kwa mtoto wa Arusha au Moshi, ni gari la abiria. Levi ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu wazazi hulichagua kwa heshima ya Maandiko, kisha mtoto anasoma na wenzake wanaosikia “mlevi” ndani yake. Biblia ya Kiswahili imelitatua hilo zamani: humo anaitwa Lawi. Jina fupi, lina irabu mbili, na halina mzaha ndani yake.

Majina yetu wenyewe hayajasalimika. Baya ni jina la heshima kwa Wagiriama wa Kilifi na Malindi. Mwenye jina hilo akihamia Dodoma, watu watalisikia kama sifa. Kombo ni jina la mababu Pemba, na kwingine mambo huenda kombo. Anayerithi majina hayo ayabebe bila haya, kwa sababu yana watu na makaburi nyuma yake. Lakini kama unachagua upya na huna babu wa kumuenzi, peleka kwanza jina kwa watoto wa shule wa miaka tisa au kumi. Hakuna mtu mzima atakayegundua utani uliomo kwa haraka kama wao.

Basi tuchague wapi? Pwani na visiwani ndiko kwenye hazina. Isa, Musa, Ali, Idi, Juma, Haji, Sudi, Heri na Abuu yanajulikana na kila mtu. Zanzibar ina mengine ambayo bara hayajazoeleka: Ame, Vuai, Faki, Makame, Pandu, Ussi. Mimi nayapenda sana Ame na Vuai. Vuai lina irabu tatu na konsonanti moja tu, vu-a-i, mkazo ukiwa kwenye a, na sijui jina la Kiswahili la mwanamume lililo wazi zaidi ya hilo. Lamu kuna Lali na Shee. Mtu wa bara akimpa mwanawe moja ya haya hatakuwa ameiga ng’ambo. Atakuwa ameazima kwa ndugu. Ni vizuri tu amuulize mtu wa kwao kwanza, ajue jina hilo hukaa kwenye ukoo upi na hupewa mtoto wa namna gani.

Kwa Wakristo, someni majina ya manabii wadogo jinsi Biblia ya Kiswahili inavyoyaandika: Hosea, Yoeli, Mika, Yona. Ongezeni Luka, Ezra, Isaya, Eliya, Yosia, na Asa mfalme wa Yuda, ambalo silioni likitumika na lingefaa sana. Hosea, kwa mfano, lina irabu tatu tofauti, o, e, a, zinazofunguka polepole kuelekea mwisho. Kilimanjaro na Upare kuna desturi nzuri ya kutanguliza Eli mbele ya neno la Kiswahili, nayo imetupa Elifuraha, Eliamani, Elibariki. Hayo si mafupi kwenye karatasi, lakini nyumbani mtoto huitwa Eli na mambo yanaisha. Wakatoliki wanaohofia kwamba paroko atakataa jina lisilo la mtakatifu wasihofu: Kanuni ya 855 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Amani, Baraka, Imani na Tumaini hayana la kujibu hapo.

Majina hayo manne ndiyo ninayowashauri pia wenye ndoa za dini mbili, pamoja na Musa na Daudi. Yanakubalika pande zote, na hakuna babu atakayeona ameshindwa.

Wasukuma wana Kulwa na Doto kwa mapacha, na Shija kwa anayewafuata. Ni mafupi, yanaishia kwa irabu, na yanamweleza mtoto nafasi yake. Waluo wana majina ya saa za kuzaliwa, ya wavulana yakianzia kwa o: Otieno wa usiku, Omondi wa alfajiri, Odhiambo wa jioni. Otieno lina irabu nne ndani ya herufi sita. Lakini majina ya namna hii yana masharti yake. Usimwite Doto mtoto asiye pacha kwa sababu tu ya uzuri wa sauti. Anayejua atauliza yuko wapi Kulwa, na mtoto atajikuta anaeleza habari ya ndugu ambaye hakuwahi kuwapo.

Kama umekwishabanwa na jina refu la ukoo, usigombane na wazee. Babu aitwaye Abdulrahmani anastahili wajina wake. Liandikeni zima, kisha nyumbani chagueni ufupisho mapema, kabla mtaa haujawachagulia. Watu wetu hufupisha kila jina refu mpaka libaki silabi mbili zilizo wazi: Ramadhani ni Rama, Selemani ni Sele, Ibrahimu ni Ibra, Mohamedi ni Mudi, Abdallah ni Dula, Emanueli ni Ema. Hata asiyetafuta jina fupi, fupi litamfuata. Kwa majina ya Abdul, masheikh wengi hukataza kuondoa sehemu ya mbele na kubakiza sifa ya Mungu peke yake. Abdu ni salama, na lina sauti nzuri. Pwani ya zamani ilikuwa na utaratibu wa jina la utotoni alilotoa mzee wa familia na jina la ukubwani walilochagua wazazi. Naona utaratibu huo ungetuliza ugomvi mwingi wa leo.

Jambo moja silikubali, nalo ni kumtwika mtoto dhiki ya siku aliyozaliwa. Shida, Tabu, Mashaka na Matata ni mafupi na yana irabu za kutosha. Najua desturi ilikotoka: nyumba iliyozika watoto wengi ilimpa anayefuata jina lisilotamanika, ili kifo kimpite. Wazee hao walikuwa wanampigania mtoto kwa silaha waliyokuwa nayo, na wanaobeba majina hayo leo wana haki ya kuyaonea fahari. Lakini mama aliyejifungua katika ugomvi na mumewe, au mwaka wa kukosa kazi, asimfanye mwanawe kumbukumbu ya ugomvi huo. Shida yenyewe itapita, ila mtoto ataitwa hivyo hata siku ya harusi yake.

Familia zilizo ughaibuni zina kipimo cha ziada, kwa kuwa irabu zetu husomwa vingine huko. Anayesoma kwa Kiingereza ataona Isa aseme Aisa, na Mika aseme Maika. Mjerumani akisoma Juma atasema Yuma. Mfaransa ataibana u na kuilainisha j, na kwa sababu ya j hiyo Kongo na Burundi mara nyingine utakuta Djuma kwa tahajia ya Kifaransa. Majina yenye a peke yake, au a na i ya mwisho, hupona zaidi: Baraka, Ali, Amani. Walio Marekani wajue kwamba Imani huko huhesabika jina la kike. Lilienea pamoja na Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa mwaka 1966, ambayo siku yake ya saba huitwa hivyo. Hilo halimzuii mzazi kumpa mwanawe wa kiume jina hilo, ila mtoto atahitaji kuelezwa mapema kwa nini jina lake ni sahihi.

Na tahajia. Majina mafupi nayo huandikwa kwa njia zaidi ya moja: Isa na Issa, Musa na Mussa, Idi na Iddi. Herufi moja ya ziada kwenye jina la herufi tatu ni tofauti kubwa mbele ya mashine ya kitambulisho. Mtoto anayeitwa Isa kwenye cheti cha kuzaliwa na Issa kwenye cheti cha kidato cha nne ataambiwa na ofisi yoyote kwamba hao ni watu wawili, na atatafuta wakili wa kumwandikia hati ya kiapo akiwa na miaka ishirini, wakati anahitaji nauli ya kwenda chuoni. Mimi napendelea herufi moja pale inapotosheleza: Isa, Musa, Idi. Lakini kama baba mwenyewe ni Issa kwenye vyeti vyake, na jina linarithiwa, fuata la baba.

Jina la kawaida nalo lina tatizo lake ofisini. Kama baba ni Juma na babu ni Ali, mtoto akiitwa Musa, kutakuwa na akina Musa Juma Ali wengi kwenye kila orodha ya mitihani na ya mikopo. Hapo ndipo Ame, Vuai, Hosea, Asa au Sudi yanapomfaa, kwa sababu mafupi yasiyozoeleka humtenganisha mtu bila kumrefushia saini.

Tanzania, kizazi kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90. Waislamu wengi wanakuwa wamekwishatoa jina siku ya saba, kwenye akika. Wakristo wengine wanangoja ubatizo, na huko ndiko siku huwaponyoka. Msingoje ubatizo ili kusajili. Tumieni wiki za mwanzo, wakati mama bado yuko ndani, kuliita jina mbele ya mtoto asubuhi na jioni. Kama baada ya siku kumi kuna mtu nyumbani bado anajikwaa, badilisheni, hapo bado ni bure. Mkisharidhika, andikeni majina yote matatu kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mmpe mwandikishaji aisome badala ya kumtamkia. Linganisheni kadi ya kliniki, tangazo la kizazi na cheti herufi kwa herufi mkiwa bado dirishani, na kama kuna s iliyozidi, irudisheni hapohapo.